Je, rada ya masafa ya juu ikijengwa Dodoma itaiona bahari?

Swali: Msomaji wetu wa Iyumbu, Dodoma, anayesomea uhandisi wa mawasiliano, anauliza: "Mtaalamu, shikamoo. Nimesoma kwamba ziko rada zinazotumia mawimbi mafupi ya redio kupima mikondo ya bahari hadi kilomita 200 kutoka pwani, na kwamba aina nyingine hufika hadi kilomita 3,000. Kwa kuwa Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na ardhi ya kujengea ipo, je, haiwezekani kusimika rada moja hapa ikatazama Bahari ya Hindi na wakati huohuo ikatazama mvua ya Dodoma na Singida? Nataka iwe mada ya mradi wangu wa mwaka wa mwisho. Naomba ushauri."

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nitatanguliza jibu lenyewe, kisha nieleze sababu zake kwa urefu, maana jibu hili bila sababu zake litakuvunja moyo bure. Rada ya masafa ya juu iliyosimikwa Dodoma haiwezi kupima mkondo wa bahari mbele ya Tanga, Bagamoyo au Dar es Salaam. Haiwezi kuiona mvua, hata ikinyesha juu ya antena zake. Inaweza, kwa kanuni za fizikia, kupata mwangwi wa bahari ya mbali zaidi, ile ya upande wa Komoro na Shelisheli, lakini kwa mtambo ambao haujengwi kwa fedha za mradi wa mwanafunzi. Kipo kitu cha nne ambacho hukukiuliza. Kiko juu ya kichwa chako, mamia ya kilomita angani, na Dodoma ni mahali pazuri sana pa kukipima. Nitakiacha kwanza, kwa sababu ukikijua kabla ya kuielewa bahari hutajua kwa nini nakuelekeza huko.

Masafa ya juu ni yale yaliyo kati ya megahezi 3 na 30 (mitikisiko milioni 3 hadi 30 kwa sekunde; hezi ni mtikisiko mmoja kwa sekunde), yaani mawimbi yenye urefu wa mita 100 kushuka hadi mita 10. Ndiyo mawimbi mafupi ya redio za kizamani, na ndiyo yaliyobeba redio za upepo zilizounganisha misheni, zahanati na mapori ya akiba ya mikoa ya kati kabla minara ya simu haijafika. Urefu huo wa makumi ya mita ndio unaoamua karibu kila jambo litakalofuata hapa. Rada husikia vizuri vitu ambavyo vipimo vyake vinakaribiana na wimbi lake, na vilivyo vidogo mno huvipita kana kwamba havipo.

Mwaka 1955 mtafiti wa New Zealand, Douglass Crombie, alieleza katika jarida la Nature mwangwi alioupata kutoka baharini kwa kutumia megahezi 13.56. Mtu angetazamia kwamba bahari, yenye mawimbi ya kila ukubwa yanayokwenda kila upande, ingerudisha mwangwi uliovurugika. Haikuwa hivyo. Masafa ya mwangwi yalikuwa yamehama kutoka masafa yaliyorushwa kwa kiasi mahususi, karibu hezi 0.38. Uhamaji mdogo namna hiyo katika wimbi linalotikisika zaidi ya mara milioni 13 kwa sekunde hauonekani ila kwa kipokezi kilichotulia sana, na uzuri wa kazi ya Crombie ni kwamba alitambua mara moja maana yake: rada yake ilikuwa inachagua mawimbi ya bahari ya urefu mmoja tu na kuyaacha mengine yote.

Jinsi uchaguzi huo unavyotokea ndiyo sehemu ya kuielewa barabara. Fikiria mpigaji ngoma anayepiga mapigo yenye nafasi sawa, na mbele yake watu wamesimama mstari mmoja kwenda mbali, kila mmoja akipiga kofi mara tu pigo linapomfikia. Makofi yatamrudia mpigaji kila moja limechelewa kwa kiasi chake, na kwa kawaida yatakuwa fujo. Lakini watu wale wakisimama kwa nafasi ambayo muda wa sauti kwenda na kurudi, kutoka mtu mmoja hadi wa pili, unalingana na muda kati ya pigo na pigo, makofi yote yatamfikia kwa pamoja kama kofi moja kubwa. Baharini watu hao ni migongo ya mawimbi, na nafasi inayotakiwa ni nusu ya urefu wa wimbi la redio. Kanuni ni ileile ambayo William Henry Bragg na mwanawe Lawrence waliitumia kuchunguza fuwele kwa eksirei, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915, ila hapa fuwele ni bahari, na nafasi kati ya safu na safu hupimwa kwa mita.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Katika megahezi 13.56 wimbi la redio lina urefu wa mita 22.1, hivyo mawimbi ya bahari yatakayoitika ni yale ya mita 11. Katika maji ya kina kirefu kasi ya wimbi la bahari hufungwa na urefu wake: unazidisha mchapuko wa mvutano wa dunia, 9.81, kwa urefu wa wimbi, unagawanya kwa mara mbili ya pai, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Kwa wimbi la mita 11 utapata takribani mita 4.15 kwa sekunde. Mwangwi kutoka kwa kitu kinachokuja kwa kasi hiyo huhamisha masafa kwa mara mbili ya kasi, ukigawanya kwa urefu wa wimbi la redio, na jibu ni hezi 0.376. Ndicho alichokiona Crombie.

Lakini mawimbi hayo yanaelea juu ya maji, na maji yenyewe yakiwa yanasafiri, mawimbi yanabebwa pamoja nayo. Tofauti kati ya uhamaji ulioutazamia kwa hesabu na ule ulioupima ndiyo mkondo. Ukikuta mwangwi umehama hezi 0.05 zaidi ya ile 0.376, zidisha kwa urefu wa wimbi la redio, gawanya kwa mbili, na utajua kwamba maji yanakujia kwa kasi ya mita 0.55 kwa sekunde. Hakuna chombo kilichotiwa majini, hakuna boya la kuibwa au kupotea, na kipimo kinahusu takribani mita moja ya juu ya bahari, yaani palepale penye mafuta yaliyomwagika, mtumbwi usio na injini na mtu anayeelea. Ili kutenganisha tofauti ndogo kama hizo rada inabidi isikilize kwa dakika kadhaa. Sekunde 256 za kusikiliza hukupa uwezo wa kutofautisha kasi zinazoachana kwa sentimita 4 hivi kwa sekunde, na ndiyo maana ramani za mikondo hutolewa kila saa au kila nusu saa, si kila sekunde.

Rada moja hupima tu jinsi maji yanavyoikaribia au kuiacha. Ili kujua mwelekeo halisi unahitaji vituo viwili vinavyotazama eneo lile lile kwa pembe tofauti. Hili linaonekana jepesi, lakini ndipo mipango mingi ya karatasini inapokwama. Mtu akitazama ramani ya Mkondo wa Zanzibar, yaani mlango wa bahari ulio kati ya Unguja na bara, atataka mara moja kuweka kituo kimoja upande wa Bagamoyo na kingine ng'ambo, Unguja, vikitazamana. Kumbe kwenye mstari unaounganisha vituo viwili vinavyotazamana, vyote viwili hupima kitu kilekile, yaani mwendo wa maji kwenda kwa kimoja na kutoka kwa kingine, na mwendo wa kukata mstari huo, ambao katika mlango ule ndio mkubwa kwa kuwa maji huenda kaskazini na kusini, haupimwi kabisa. Ningeweka vituo viwili kwenye pwani moja, vikiachana kwa makumi ya kilomita, na cha tatu ng'ambo kama fedha zinaruhusu.

Donald Barrick wa Marekani aliipa kazi hii nadharia kamili mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mitambo iliyotokana nayo ni ya namna mbili. Moja hutumia antena chache zilizobanana juu ya mlingoti mmoja na kukisia mwelekeo kwa hesabu. Nyingine, kama ile iliyoendelezwa Chuo Kikuu cha Hamburg, Ujerumani, katika miaka ya 1990, hupanga antena nyingi kwa mstari ufukweni. Ya kwanza inachukua eneo dogo, na kwa fukwe zetu zilizobanwa na hoteli na makazi hilo si jambo dogo. Ya pili hutoa vipimo bora vya urefu wa mawimbi, kwa sababu urefu wa mawimbi hutafutwa katika sehemu dhaifu za mwangwi, pembeni mwa vilele viwili vikubwa vya mwangwi, kimoja cha mawimbi yanayokuja na kingine cha yanayokwenda, ambako kelele kidogo tu huharibu kila kitu. Mwelekeo wa upepo hupatikana kwa njia nyepesi zaidi, kwa kulinganisha nguvu ya kilele cha mawimbi yanayokuja na cha yale yanayokwenda. Mwaka 2012 mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio ulitenga vipande vya masafa mahususi kwa rada hizi, na Marekani sasa ina zaidi ya vituo mia moja pwani, ambavyo walinzi wa pwani huvitumia kukadiria mtu aliyepotea baharini atakuwa amechukuliwa hadi wapi.

Sasa turudi Dodoma. Unauliza kwa nini mawimbi yanayokwenda kilomita 200 juu ya bahari yasianzie huku bara. Jibu liko kwenye chumvi. Maji ya bahari hupitisha umeme kwa kiasi cha simensi 4 hadi 5 kwa mita, na wimbi la redio lenye mkao wa wima hushikamana na uso huo na kuufuata hata mpindo wa dunia unapoanza kuificha bahari. Ardhi kavu hupitisha umeme mara mamia, hata maelfu, chini ya hapo. Mchanga na udongo hulinyonya wimbi haraka, kiasi kwamba wasimikaji huhangaika kuweka antena mita chache tu kutoka maji yanapofika wakati wa bamvua, kwa kuwa hata mamia machache ya mita za mchanga huonekana kwenye vipimo. Kutoka Dodoma hadi ukanda wa Saadani, ambako bahari ni ya karibu zaidi, kuna zaidi ya kilomita 330 za ardhi, na katikati yake imo safu ya Ukaguru yenye vilele vinavyopita mita 2,000.

Urefu wa mahali nao hausaidii. Hata pasingekuwa na milima, mtu aliye mita 1,120 juu ya tambarare isiyo na kizuizi ana upeo wa redio usiozidi kilomita 140 hivi. Na kama unawaza Mtera, Hombolo au hata Ziwa Viktoria badala ya bahari, chumvi inakukwamisha tena: maji baridi hupitisha umeme mara makumi hadi mamia chini ya maji ya bahari, hivyo umbali wa rada hukatika vibaya. Juu ya hapo, bwawa kama Hombolo halina nafasi ya upepo kujenga mawimbi ya mita 11.

Kwa hiyo mahali pa rada ya mikondo ni pwani, na naamini kwa dhati kwamba pwani yetu inaihitaji. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki hutiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima. Kusi inapovuma unapata nguvu na mara nyingi hupita mita moja kwa sekunde, na kaskazi inapoingia unalegea. Ndani ya Mkondo wa Zanzibar unachanganyika na kupwa na kujaa, ambako wakati wa bamvua tofauti ya maji hufika mita 3 hadi 4. Tarehe 18 Julai 2012, katika msimu wa kusi, meli ya MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilizama karibu na Chumbe na watu wengi wakapoteza maisha. Sisemi kwamba rada ingezuia ajali ile. Nasema kwamba kila saa inayopita baada ya ajali, kwenye mkondo wa mita moja kwa sekunde, humsogeza mtu kilomita 3.6 kutoka alipoonekana mara ya mwisho, na waokoaji wenye ramani ya mkondo ya saa ileile wana mahali pa kuanzia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Buyu, Zanzibar, na hiyo ndiyo yenye kazi hii. Ukitaka kweli kufanya mradi wa bahari, anzia kwao.

Kuhusu tsunami, kwa kuwa wengi huuliza: rada hizi ziliona mikondo ya tsunami ya Japani ya mwaka 2011 katika pwani za Japani na Marekani. Lakini muda wa tahadhari hutegemea upana wa eneo la bahari yenye kina kifupi mbele ya pwani, na sehemu kubwa ya pwani yetu, ukiondoa milango ya bahari ya Zanzibar na Mafia, huporomoka kwenye kina kirefu baada ya kilomita chache. Tusiitangaze rada kwa sababu hiyo.

Zile kilomita 3,000 ulizozisoma ni habari nyingine kabisa. Hapo wimbi halitambai juu ya maji. Linarushwa juu, linapinda katika ayonosfia, yaani sehemu ya anga la juu ambayo mwanga wa jua umeng'oa elektroni kutoka kwenye hewa, kisha linashuka mbali na mwangwi wake unarudi kwa njia hiyohiyo. Australia ina mtandao wa rada za aina hii, wenye vituo karibu na Longreach, Laverton na Alice Springs, uliojengwa kwa ajili ya ulinzi, na huona kati ya kilomita 1,000 na 3,000. Kuona mahali palipo karibu kuliko kilomita 1,000 ni vigumu, kwa sababu wimbi likielekezwa juu mno hutoboa ayonosfia na kupotea angani. Ukichora duara hilo kutoka Dodoma utaona kwamba linaruka pwani yote ya Tanzania na kugusa bahari kuanzia karibu na Komoro, kilomita 1,000 hivi kutoka hapa, na Shelisheli iko kwenye kilomita 2,200. Ni upande ambao hutuletea vimbunga: Hidaya, kilichofika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, kilitoka huko. Rada kama hiyo ingeweza kuonyesha mwelekeo wa upepo juu ya eneo kubwa, kwa kuwa mwelekeo huo hupatikana kwa kulinganisha vilele viwili wala hauhitaji kipimo kamili cha uhamaji. Mikondo ingekuwa shida kubwa, kwa sababu ayonosfia yenyewe haitulii, na mwendo wake huhamisha masafa kwa kiasi kinachozidi ile hezi 0.05 tunayoitafuta. Tena mtambo wenyewe ni mkubwa kupita kiasi: antena za kupokelea za Australia hupangwa kwa mstari wa karibu kilomita 3, na mtambo wa kurushia huwekwa kama kilomita 100 kutoka hapo ili usikipofushe kipokezi.

Mvua nayo nitaimaliza kwa maneno machache. Tone la mvua la milimita 2 mbele ya wimbi la mita 20 ni kama halipo. Kwa vitu vidogo kuliko wimbi, nguvu ya mwangwi hupungua kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi, hivyo ukitoka kwenye wimbi la sentimita 10 linalotumiwa na rada kubwa za hali ya hewa ukaenda kwenye mita 20, urefu umeongezeka mara 200 na mwangwi wa tone umepungua zaidi ya mara bilioni moja. Hakuna antena itakayofidia hilo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina rada za sentimita kwa kazi hiyo, zikiwamo za Dar es Salaam na Mwanza, na makao makuu yake yako hapohapo Dodoma, jirani nawe.

Hapa ndipo nakirudia kile cha nne. Ile ayonosfia inayomsumbua mtu anayetafuta bahari ndiyo hasa kitu ambacho masafa ya juu hukiona vizuri kuliko mawimbi mengine yoyote. Edward Appleton wa Uingereza alithibitisha kuwapo kwake mwaka 1924, na mwaka 1925 Gregory Breit na Merle Tuve wa Marekani waliipima kwa kurusha mapigo mafupi wima na kuhesabu muda wa mwangwi, jambo linaloifanya rada ya anga kuwa na umri mkubwa kuliko rada za ndege. Mpaka leo kifaa kikuu ni hichohicho: hurusha wima masafa kuanzia megahezi 1 hadi 20 hivi, na masafa ambapo mwangwi unakoma hukuambia wingi wa elektroni. Mwangwi ukikoma kwenye megahezi 9, juu yako kuna elektroni trilioni moja katika kila mita ya ujazo, kwenye kimo cha kilomita 300 hivi.

Na mahali ulipo si mahali pa kawaida. Ikweta ya sumaku ya dunia, upande wetu wa Afrika, hupita Ethiopia, wala haipiti Kenya kama ikweta ya jiografia. Dodoma, iliyo nyuzi 6 kusini mwa ikweta ya kawaida, iko takribani nyuzi 16 kusini mwa ile ya sumaku. Mchana, nguvu za umeme na sumaku huinua elektroni juu ya ikweta ya sumaku, kisha zinateremka kwa kufuata mistari ya sumaku na kurundikana pande zote mbili kwenye nyuzi 15 hivi. Rundo la kusini liko juu ya mikoa yetu ya kati. Baada ya jua kuzama, tabaka hilo hupasuka hapa na pale na kutoa mapovu yenye elektroni chache, yanayopanda na kutawanya mawimbi ya redio. Hali hiyo hujitokeza zaidi karibu na Machi na Septemba, na inaharibu mawasiliano ya mawimbi mafupi pamoja na usahihi wa GPS ya wapimaji ardhi. Vituo vya kuipima barani Afrika ni vichache mno vikilinganishwa na vya Ulaya, ingawa anga la Afrika ndilo lenye msukosuko.

Mradi ninaokushauri, basi, ni huu. Weka mtambo mdogo wa kurushia wa wati chache Iringa, kilomita 180 kutoka Dodoma kwa mstari wa moja kwa moja, wenye masafa mamoja yasiyobadilika karibu na megahezi 5, na kipokezi cha kompyuta Dodoma. Ardhi kavu iliyo katikati itamaliza wimbi la chini, hivyo utakachopokea kitakuwa kimepanda karibu wima na kurudi kutoka kwenye ayonosfia juu ya Mtera. Pande zote mbili zifungwe kwenye saa ya GPS, kwa kuwa unatafuta uhamaji wa sehemu za hezi, na kiosileta (saketi inayozalisha masafa) cha kawaida hutangatanga zaidi ya hapo joto la mchana linapopanda. Tabaka likipanda kwa mita 20 kwa sekunde, masafa yatashuka kwa hezi 0.67, na utaliona wazi kwenye picha ya masafa dhidi ya muda. Kibali cha kurusha kinatoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kiombe mapema, msimamizi wako akitia saini, na wakati unakisubiri jaribu kipokezi kwa kurekodi kituo chochote cha mbali chenye masafa yaliyotulia. Mlipuko mkubwa kwenye jua utautambua mchana: ishara itafifia ghafla, kisha itarudi polepole.

Swali la utafiti liwe lile la mvua, ila kwa mlango mwingine. Katika miaka ya 1960 na 1970 wapimaji wa Marekani waliona kwa njia hii hii kwamba dhoruba kubwa za radi hutikisa ayonosfia juu yake, wakipata mawimbi yenye vipindi vya dakika 3 hadi 5. Mvua ya Dodoma na Singida, inayoanza Desemba na kuishia Aprili, mara nyingi hutoka kwenye mawingu ya radi yanayojijenga alasiri. Rekodi kila siku kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni katika Januari na Februari, kisha omba kumbukumbu za radi na mvua za siku hizohizo kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa. Siku zenye dhoruba uzilinganishe na siku kavu zilizo karibu nazo, si na mwezi mzima, ili mabadiliko ya jua yasikudanganye. Na tafuta vipindi vya dakika 3 hadi 5 kabla ya kutazama vile vya dakika 20 na zaidi, ambavyo vina vyanzo vingi mno kwa mtu mwenye njia moja tu ya kupimia.